Jinsi ya Kubaki na Wataalamu wa TEHAMA: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Waajiri wa Dodoma

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, mahitaji ya wataalamu wa TEHAMA mjini hapa yameongezeka, kwa kuwa wizara zilizoko Mtumba, benki, taasisi na kampuni zinazotengeneza mifumo zinawatafuta watu wale wale. Kuwapata vijana si kazi ngumu sana, maana Chuo Kikuu cha Dodoma kina ndaki nzima ya masomo ya kompyuta. Ugumu unaanza pale kijana anapoiva. Akishaujua mfumo wenu nje ndani, anaitwa Dar es Salaam, au anapata mwajiri wa ng'ambo anayemlipa kwa dola huku yeye akifanyia kazi sebuleni kwake Ilazo.

Mwajiri wa kawaida hawezi kushindana na dola, na simshauri ajaribu. Ikiwa mshahara unaoutoa uko chini ya ule unaolipwa na waajiri wengine wa hapa hapa mjini, rekebisha hilo kwanza, kwa sababu hakuna chai ya saa nne itakayolifidia. Hata hivyo, katika miaka yangu ya kusimamia vitengo vya TEHAMA nimeona kwamba wengi huanza kuzisikiliza ofa za nje baada ya kuchoshwa na kero za kila siku ambazo mwajiri angeweza kuziondoa kwa gharama ndogo. Hatua zifuatazo zinahusu kero hizo, na ni vyema zifuatwe kwa mpangilio huu.

Hatua ya kwanza: Zungumza nao kabla hawajaandika barua

Mahojiano ya mtu anayeondoka hayana faida kubwa, kwa kuwa mwenye barua mkononi atakuaga kwa adabu, atasema amepata fursa nyingine, na yataishia hapo. Fanya mazungumzo na wale ambao bado wapo, mmoja mmoja, kwa muda wa nusu saa, na ikiwezekana nje ya ofisi yako. Usimuulize mtu kama anaridhika na kazi, maana atakujibu, "Tunamshukuru Mungu, bosi," nawe utaondoka mikono mitupu. Muulize ni kazi gani ya mwezi huu aliyoona imempotezea muda, na ni kikwazo gani kinachojirudia kila wiki ambacho angekuwa na mamlaka angekiondoa. Mwishoni muulize ni lini mara ya mwisho alifikiria kuondoka, na siku hiyo kulikuwa kumetokea nini. Ukishauliza swali hilo la mwisho, nyamaza. Usijitetee, usieleze sera ya kampuni, na unapopeleka muhtasari kwa menejimenti usitaje jina la mtu.

Hatua ya pili: Pima kero badala ya kuzikadiria

Fungua jedwali la kawaida ambalo kila mtaalamu ataandika kila anapopigiwa simu nje ya saa za kazi: tarehe, saa, aliyepiga, chanzo cha tatizo, muda uliotumika, na kama jambo hilo lingeweza kusubiri hadi asubuhi. Liendeshe kwa wiki nne zinazojumuisha mwisho wa mwezi, kwa kuwa ndipo mishahara na makusanyo huielemea mifumo. Aghalabu utakuta simu nyingi zinatokana na sababu chache zinazojirudia, kama vile nywila iliyosahaulika, cheti cha usalama cha tovuti kilichoisha muda wake, au diski ya seva iliyojaa.

Hatua ya tatu: Panga upya zamu za usiku

Ukiwa na nguvu ya kufanya hatua moja tu, fanya hii. Mfano wa kawaida ni kama ifuatavyo. Saa nane usiku simu ya msimamizi wa mifumo inaita nyumbani kwake Nkuhungu: "Kaka, mfumo umegoma, wateja hawawezi kulipa." Anawasha kompyuta mpakato, anaunganisha intaneti kwa bando alilonunua mwenyewe, na baada ya kuhangaika anagundua kwamba diski imejaa mafaili ya kumbukumbu za mfumo. Anayahamisha ya zamani, anaiwasha upya huduma, anahakikisha malipo mawili matatu yamepita, kisha anarudi kulala saa kumi alfajiri. Saa moja na nusu asubuhi daftari la mahudhurio linamsubiri, na akichelewa, jina lake linapigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Ofisini hakuna anayejua kilichotokea, kwa sababu mfumo unafanya kazi.

Kwanza ijue sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, inataka saa za ziada zitokane na makubaliano na zisizidi 50 katika kila wiki nne, na inataka zilipwe angalau mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza yake ya asilimia 5, na mfanyakazi anastahili mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Ni kweli sheria imeziachia nafasi kazi za dharura, lakini kwa maoni yangu diski inayojaa kila mwisho wa mwezi haistahili kuitwa dharura.

Kisha panga zamu za wiki moja moja, zikizungushwa miongoni mwa watu wasiopungua wanne. Kama una wawili tu, usiwaahidi wateja huduma ya saa 24. Waambie menejimenti waziwazi kwamba ahadi hiyo inahitaji watu. Andika ukurasa mmoja unaoeleza ni hitilafu zipi zinazoruhusu kumwamsha mtu na zipi zinasubiri asubuhi, ukurasa huo usainiwe na mkuu wa idara zinazoutumia mfumo, maana bila saini yake simu zitaendelea kama kawaida. Simu na bando viwe vya ofisi. Aliyeamshwa usiku asiingie kazini asubuhi ile, na daftari la mahudhurio lilijue hilo bila yeye kwenda kujieleza. La mwisho, kila simu ya usiku izae kazi ya mchana: chanzo kiondolewe ndani ya wiki hiyo hiyo, hata kama mradi mpya utasogea mbele kidogo.

Hatua ya nne: Vifaa, umeme na ruhusa za kuingia

Hapa hakuna mengi. Kabla mwajiriwa mpya hajaripoti, kompyuta yake, akaunti zake na ruhusa za kuingia kwenye seva za majaribio ziwe tayari. Mtu anayekaa wiki mbili akisubiri barua ya nywila isainiwe anajifunza mapema namna ofisi inavyouthamini muda wake. Kuwe na betri za akiba kwa ajili ya umeme unaokatika, na intaneti ya watoa huduma wawili. Chumba cha seva kisafishwe mara kwa mara wakati wa kiangazi, kwa kuwa vumbi la Dodoma halina huruma na feni.

Hatua ya tano: Tengeneza ngazi ya utaalamu

Katika ofisi nyingi, njia pekee ya kupanda cheo ni kuwa mkuu wa wengine. Matokeo yake mtengenezaji programu hodari anageuzwa meneja wa vikao, na ofisi inapoteza fundi bila kupata kiongozi. Weka ngazi mbili zinazolingana kwa mshahara, moja ya uongozi na nyingine ya utaalamu, na ueleze kwa maandishi kinachotakiwa katika kila daraja. Usipoeleza, watu watasema vyeo ni vya kujuana, na pengine hawatakuwa wamekosea.

Hatua ya sita: Zingatia familia zilizobaki Dar es Salaam

Wengi walihamia Dodoma peke yao. Tangu treni ya umeme ilipoanza safari zake kati ya miji hii miwili mwaka 2024, kwenda na kurudi mwishoni mwa juma kumekuwa kwepesi zaidi kuliko kukesha kwenye basi. Ruhusu kazi ya mbali siku ya Ijumaa au Jumatatu kwa utaratibu ulioandikwa: nani anastahili, njia ipi salama ataitumia kuingia kwenye seva, na saa zipi lazima apatikane. Ruhusa inayotolewa kwa kumwonea mtu huruma huleta manung'uniko.

Hatua ya saba: Fuatilia, na uwaage vizuri wanaoondoka

Kila baada ya miezi mitatu, rudia jedwali la hatua ya pili na uangalie kama simu za usiku zimepungua, na mwajiriwa mpya anachukua siku ngapi kabla ya kupeleka badiliko lake la kwanza kwenye mfumo. Waoneshe wataalamu matokeo hayo, pamoja na yale ambayo hayajashughulikiwa na sababu zake. Bado wapo watakaoondoka. Mpe anayeondoka cheti chake cha utumishi bila kumzungusha, tenga siku za makabidhiano ambazo hatapewa kazi nyingine, na mwombe aandike maelekezo ya mfumo anaousimamia huku atakayempokea akiwa amekaa pembeni yake akiuliza maswali.