Somo: Msitu wa Jozani, Unguja, na pwani kwa siku moja, ukifuata maji

Mara ya kwanza nilipanga siku kwa saa ya mkononi. Nikafika pwani ya Bwejuu maji yamejaa mpaka minazini, nikarudi mjini sijaona hata kaa. Siku hizi naanza na mwezi.

1. Tazama mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Unguja hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Maji mafu, ya mwezi nusu, hayatoki mbali. Siku hizo baki msituni.

2. Toka mjini alfajiri. Daladala 309 ya Jambiani na 324 ya Bwejuu zote zinapita getini Jozani, kama kilomita 35. Geti linafunguliwa saa moja na nusu, na hapo kima punju, kima wekundu wa Unguja, bado wanakula. Jua likikaza wanalala matawini. Msituni kwenyewe pana kiza na miti mirefu, ila kuwaona vizuri ni ng'ambo ya barabara, kwenye mikungu (miti ya kungu, si ya ndizi) na miembe ya mashamba. Nyamaza, tazama mikono yao: kidole gumba ni kibutu tu. Nilimwona jike mwenye mtoto kifuani akiokota kipande cha mkaa, akakitafuna taratibu kama mtu na kashata yake. Majani ya mkungu na mwembe yana sumu kidogo, na mkaa huinyonya. Nani kamfundisha?

3. Saa tatu shika gari ya Bwejuu. Vaa yeboyebo, usiende peku: wapo wanyama wadogo wa mviringo wenye miiba myeusi mirefu, na ukichomwa hutasahau. Yafuate maji yanavyotoka. Vidimbwini utakuta viti vya pweza (samaki-nyota), majongoo ya pwani na kaa wadogo wanaojizika ukiwatupia kivuli. Pita kando ya kamba za mwani. Ni shamba la mtu. Maji yakigeuka, geuka nawe, yanaingia upesi kuliko unavyodhani.

4. Rudi Jozani mchana, upite daraja la mbao la mikokoni, upande wa Pete. Tiketi ya asubuhi inakufikisha mpaka huko, usiitupe. Maji yakipanda, samaki wanapita katikati ya mizizi chini ya miguu yako.

MASWALI

Swali: Kaka, kima wanang'ata? Nina watoto wawili.
Jibu: Hawana shida ukiwaachia nafasi. Usiwalishe, usiwashike, maradhi yetu yanawapata. Watoto wangu mimi huwatia mfukoni biskuti zao kabla ya kushuka.

Swali: Naweza kuunganisha na pomboo wa Kizimkazi siku hiyo hiyo?
Jibu: Dada, hapana. Pomboo nao ni wa asubuhi, utakosa vyote viwili. Wape siku yao, na ukiona nahodha anawakimbiza kwa mashine, mwambie azime.

Swali: Kuokota makombe je?
Jibu: Yaache. Mengi yana mwenyewe ndani, hata kama ni kaa aliyehamia jana.