Kuhariri treki za kwaya kwenye kinasa sauti cha dijitali

Kinasa sauti cha treki nyingi huhifadhi kila sauti katika faili yake, yaani treki, na faili zote hufuata saa moja. Ndiyo maana unaweza kuigusa alto bila kuigusa besi, na ndiyo maana pia, ukisogeza treki moja hata kwa nusu sekunde, kwaya nzima itasikika kama watu wasiowahi kufanya mazoezi pamoja. Kwa hiyo kila unapotaka kuhariri jiulize kwanza: je, amri hii itabadilisha sauti tu, au itasogeza na muda?

Kabla ya kugusa chochote, nakili wimbo mzima kwa jina jingine. Wimbo wa dakika 4 wenye treki 8, uliorekodiwa kwa sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 24, huchukua takriban megabaiti 254, kiasi ambacho ni kidogo sana kwenye kadi ya gigabaiti 32. Kitufe cha kutendua kinasaidia, lakini usikitegemee peke yake, kwa sababu ukishasafisha kadi ili kupata nafasi, mashine nyingi hufuta pia sauti za zamani ambazo kitufe hicho kingezirudisha.

Tuchukue mfano wa mwimbaji wa alto aliyekohoa baada ya ubeti wa pili, kabla ya kiitikio. Vaa hedifoni, sikiliza treki ya alto peke yake, kisha kuza mchoro wa sauti kwenye skrini na uzungushe gurudumu polepole. Kikohozi huonekana kama mlima unaosimama ghafla na kushuka kwa mteremko, ilhali pumzi ambayo waimbaji huivuta kabla ya kiitikio ni uvimbe mdogo laini unaofuata baadaye. Weka alama ya mwanzo kabla ya mlima na alama ya mwisho kabla ya uvimbe, kwa maana ukiiondoa pumzi, neno la kwanza litasikika kama limetokea hewani bila mwimbaji.

Hapo ndipo penye hatari. Amri ya kukata huondoa kipande na kuvuta mapema kila kinachofuata baada yake. Amri ya kunyamazisha huondoa sauti na kuuacha muda ulivyo. Nilipoanza kazi hii nilikata kikohozi cha sekunde moja na nusu, nikahifadhi, nikaenda kulala. Kesho yake nilikuta alto wanaingia kwenye kiitikio sekunde moja na nusu kabla ya wenzao, na wakabaki hivyo hadi mwisho wa wimbo. Kwenye treki moja, nyamazisha. Kata pale tu unapokata treki zote kwa pamoja, mathalani unapofupisha utangulizi wa kinanda.

Ukisikia mlio mdogo wa "tik" mahali uliponyamazisha, maana yake alama imeangukia katikati ya wimbi la sauti, nalo likakatika ghafla. Tendua, kuza mchoro zaidi, na usogeze alama hadi pale wimbi linapovuka mstari wa sifuri, yaani mstari wa katikati ya mchoro.

Kazi ya pili ya kila siku ni kuazima kiitikio kizuri ili kuziba kibaya. Ikiwa kwaya iliimba kwa metronomu (kifaa kinachogonga mapigo kwa kasi isiyobadilika) ya mapigo 90 kwa dakika, kipimo cha mapigo manne ni sekunde 2.67, na kiitikio cha vipimo 8 ni sekunde 21.33. Usianzie alama kwenye neno. Ianzie kwenye pigo la ngoma linalolitangulia, kwa sababu pigo lina ncha kali inayoonekana, kisha bandika kwenye pigo lile lile la kiitikio kinachofuata. Hakikisha umechagua kubandika juu ya sauti iliyopo na si kupachika katikati, maana kupachika husukuma nyuma yote yanayofuata. Kama waliimba bila metronomu, kiitikio cha mwisho mara nyingi huwa na kasi zaidi, hivyo ni afadhali umwite mwimbaji arekodi upya sehemu hiyo tu.

Haya yote yanafaa ikiwa kila sauti ilirekodiwa peke yake. Waimbaji waliosimama pamoja katika chumba kimoja huvuja kwenye maikrofoni za wenzao, na kikohozi ulichokinyamazisha kwenye alto bado kitasikika kwenye teno. Sikiliza treki jirani moja moja kabla ya kuamua; mara nyingi kupunguza sauti kidogo mahali hapo hutosha.

Mwishowe sikiliza treki zote pamoja, ukianzia sekunde kumi kabla ya kila mahali ulipogusa. Hifadhi wimbo, zima mashine kwa kitufe chake, na usubiri skrini izimike kabisa kabla ya kuchomoa waya wa umeme au kuitoa kadi.