Kupiga shoo ya AC/DC Mombasa: anzeni na Malcolm

Vijana wanaotaka kuunda bendi ya kuiga AC/DC, bendi ya roki ya Australia, huniuliza kwanza kuhusu kaptula ya sare ya shule anayovaa mpiga gitaa la solo, Angus Young. Mimi ni mpiga gitaa la ridhimu kama Malcolm Young, na jibu langu ni moja: kaptula itashonwa wiki ya mwisho. Anzeni na kaka yake Malcolm, aliyeianzisha bendi pamoja naye kule Sydney mwaka 1973.

Tafuteni video ya onyesho lao la Donington, Uingereza, la Agosti 1991, muitazame mara moja bila kumfuata Angus. Malcolm yuko nyuma, karibu na amplifaya zake. Kiitikio kikikaribia, yeye na mpiga besi Cliff Williams husogea hadi kwenye maikrofoni, huitikia, kisha hurudi nyuma. Hatua hizo nazo zafanyieni mazoezi.

Kwenye sauti ndipo wengi hupotea. Wanafungua mkwaruzo (distortion) wote wa amplifaya, gitaa linageuka kelele tupu. Malcolm alitumia mkwaruzo kidogo, nyuzi nene na nguvu ya mkono. Punguzeni mpaka kila uzi usikike peke yake. Kisha pigeni ridhimu, besi na ngoma tu, bila solo, bila mwimbaji, hadi wimbo usimame. Mpiga ngoma aliyelelewa na chakacha mkono wake hutafuta hesabu ya sita; hapa ni nne kavu, hakuna madoido. Kimya kati ya pigo na pigo kiacheni kibaki kimya. Nawaomba sana, msiharakishe hatua hii.

Mwimbaji achague enzi. Mwimbaji wao Bon Scott alifariki Februari 1980, na Brian Johnson akashika maikrofoni mwaka huohuo. Ni makoo mawili tofauti kabisa. Anayemwiga Johnson avae kofia bapa ya kitambaa chepesi, maana jasho la hapa halina huruma.

Kengele anayoigonga Johnson jukwaani kwenye wimbo “Hells Bells” ilisubuliwa Loughborough, Uingereza, na ina uzito wa takriban tani moja. Msitundike chuma. Mafundi wa boti za faiba watawatengenezea ganda jepesi. Lipakeni rangi ya shaba. Mlio utoke kwenye ringi ya lori, ile inayogongwa shuleni, iwekwe nyuma ya jukwaa na maikrofoni yake.

Sasa kaptula. Fundi yeyote wa sare za shule ataiweza, pamoja na koti, tai na kofia. Mwambieni aondoe bitana ya koti na ashone kaptula mbili. Beji mbuni yenu, msibandike ya shule halisi.

Gitaa likitoka chumba chenye kiyoyozi hadi jukwaa la ufukweni, lipumzisheni nusu saa kabla ya kulityuni. Baada ya shoo pangusani nyuzi palepale. Chumvi ya bahari huzila haraka.

Hoteli hazitaki kelele, na kanuni za kelele za mwaka 2009 zipo. Chukueni amplifaya ndogo za vali za wati 20, nyuma yake mpange makasha matupu ya plaiwudi yaliyovikwa kitambaa cheusi, ukuta uonekane mkubwa. Mizinga ya mwisho, ile ya wimbo “For Those About to Rock”, iwe ya kurekodiwa, bila baruti, na meneja na walinzi wa lango waambiwe mapema itakapolia.