Somo: Kuweka mbolea ya nitrojeni kwenye nyasi za malisho penye udongo wa chumvi

Anza kwa kupima udongo, kwa sababu utando mweupe unaojitokeza ardhi ikikauka hauelezi aina ya tatizo. Udongo ambao maji yake yanapitisha umeme kwa kiwango kinachozidi desisimensi 4 kwa mita huhesabiwa kuwa wa chumvi. Ikiwa sodiamu inazidi asilimia 15 ya madini yanayoshikiliwa na chembe za udongo na pH (kipimo cha uchachu, ambacho hupanda uchachu ukipungua) iko juu ya 8.5, huo ni udongo wa magadi, nao huhitaji jasi kabla ya mbolea yoyote.

Hatua ya pili ni kuosha chumvi kwa maji mengi yenye njia ya kutokea. Kazi hii itangulie mbolea, kwani naitrati, yaani nitrojeni katika hali ambayo mizizi huinyonya, husafiri na maji yaleyale.

Hatua ya tatu, kuchagua mbolea, ndiyo inayowapotosha wengi. Yurea ina asilimia 46 ya nitrojeni, lakini ikiachwa juu ya udongo wenye pH kubwa, sehemu yake hupotea hewani ikiwa gesi ya amonia; imwagiliwe siku hiyohiyo hadi punje ziyeyuke na kuzama. Salfeti ya amonia (SA) ina asilimia 21, nayo hushusha pH polepole, ingawa haifai kuachwa juu. Mahali penye kloridi (sehemu ya chumvi) nyingi, ambayo hushindana na naitrati kwenye mizizi, naona naitrati ya kalisi (kalsiamu) inastahili gharama yake, kwa kuwa kalisi husaidia mmea kuikabili sodiamu.

Mwisho, gawanya kipimo: weka kidogo baada ya kila mkato, nyasi zikishaanza kuchipua. Usinakili kipimo cha shamba lisilo na chumvi, maana nyasi zilizodumazwa na chumvi hazina pa kuipeleka nitrojeni ya ziada. Acha ukanda mwembamba bila mbolea. Usipouona umepitwa na sehemu nyingine, punguza.

Maswali ya wanachama

*Ncha za majani zimekauka. Je, niongeze nitrojeni?*
Hapana. Upungufu wa nitrojeni huanza kwa majani ya chini kugeuka njano, ilhali chumvi huunguza ncha na kingo. Mbolea nayo ni chumvi, kwa hiyo utazidisha kuungua.

*Je, samadi inaweza kuchukua nafasi ya yurea?*
Kwa sehemu. Huulegeza udongo na kutoa nitrojeni taratibu, lakini samadi ya zizini huwa na chumvi yake. Ipime kabla ya kuimwaga.

*Nyasi zilizodumaa baada ya kuwekewa mbolea ni salama kwa ng'ombe?*
Zishuku. Naitrati isiyotumika hujilimbikiza, hasa sehemu ya chini ya shina, na tumboni mwa mnyama hugeuka naitraiti inayozuia damu kubeba oksijeni. Kata juu zaidi, upeleke sampuli maabara, wala usitegemee kuzianika, kwani nyasi kavu hubaki na naitrati yake. Kuzivundika, yaani kuzifungia bila hewa ziwe sileji, ndiko huipunguza kwa kiasi.