Namna ya kutengeneza sanaa ya kinyaa bila watu kudhani ni filamu ya kutisha

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa shuka jeupe, nikalimwagia karibu lita mbili za damu feki, nikalitundika ukutani nikakaa pembeni kusubiri watu washtuke. Wakapiga nalo selfi. Mmoja akaniuliza eti hii filamu inatoka lini. Kwa hiyo haya nayoandika yametoka kwenye aibu ile, na kama na wewe unataka kuingia kwenye sanaa ya mambo ya mwili yasiyosemwa, soma kwanza kabla hujaenda kununua rangi nyekundu.

Cha kwanza ujue kinyaa kinatoka wapi, maana wengi tunadhani ni uchafu. Sio. Fanya hivi: meza mate. Hujasikia kitu, si ndio? Sasa chukua glasi safi kabisa, tema mate humo halafu yanywe. Ushakunja sura na hata glasi hujainuka kuitafuta, na mate ni yaleyale, ya kwako mwenyewe, yametoka nje sekunde mbili tu. Mwanafalsafa Julia Kristeva aliliandika hili kwenye kitabu chake cha mwaka 1980 kule Ufaransa, akatoa mfano wa ule utando wa juu ya maziwa, ukigusa mdomo tu tumbo linagoma. Anachosema ni kwamba kinachotuvuruga, yeye anakiita abjekti, ni kitu kisichoheshimu mpaka, kilikuwa mimi na sasa sio mimi ila bado kinanifanana. Mwaka 1993 makumbusho ya Whitney pale New York wakafanya onyesho zima kwa jina hilo la sanaa ya abjekti, na jina likaganda.

Kwa hiyo tafuta mpaka, usitafute uchafu. Njia rahisi ni kusikiliza tafsida. Haja ndogo, haja kubwa, yuko kwenye siku zake, sehemu za siri, kila ambapo lugha inazunguka hapo pana kitu. Chagua kimoja tu. Kimoja! Ukichanganya jasho, usaha na matapishi kwenye kazi moja mtazamaji anachoka, anacheka, anaondoka.

Halafu punguza. Baada ya lile shuka nilichukua kipande cha sabuni nyeupe, kimetumika kidogo kingo zimelainika, nikakilowesha nikabandika unywele mmoja mweusi uliojikunja, nikakiweka kwenye sahani safi juu ya meza. Basi. Watu walikuwa wanasogea, wanainama, wakishauona wanarudisha mkono nyuma kama wameungua, na hakuna aliyewaambia waguse. Unywele ukiwa kichwani unasifiwa, umehama sentimita chache tu umekuwa balaa.

Wakati mwingine hata kitu chenyewe hakihitajiki. Kiki Smith ana kazi ya mwaka 1987 hadi 1990, chupa kubwa kumi na mbili za kioo zimepakwa fedha zinang'aa, kila moja imechongwa jina la kitu kinachotoka mwilini, machozi, mkojo, kamasi, maziwa na kadhalika. Ndani huoni kitu, unasoma neno na unajiona sura yako hapohapo. Kwangu hiyo inashinda ndoo kumi za damu. Na Piero Manzoni mwaka 1961 alifunga makopo 90, kila kopo likaandikwa kinyesi cha msanii, gramu 30, bei akaipanga sawa na dhahabu ya uzito huohuo, na hadi leo watu wanabishana ndani kuna nini kweli.

Mambo ya vifaa sasa. Usitumie damu halisi au majimaji ya mtu yeyote, magonjwa yapo na harufu itakushinda siku ya pili. Najua msanii Marc Quinn mwaka 1991 alitengeneza sanamu ya kichwa chake kwa lita kama nne na nusu za damu yake mwenyewe iliyogandishwa, ila ile ilikusanywa kwa miezi na inaishi ndani ya friza, umeme ukikatika kazi inayeyuka. Wewe chemsha sirapu nzito ya sukari, weka rangi nyekundu ya chakula, tone la bluu na kakao kidogo, kakao ndo siri yenyewe kwa sababu damu ikikauka inakuwa kahawia na ile inayobaki nyekundu siku nzima kila mtu anajua ni feki. Kamasi ni jelatini iliyolegezwa. Ngozi ni nta au lateksi, yaani mpira wa majimaji unaokauka, ila lateksi ina watu inawadhuru, uliza kwanza.

Mwili wa mtu mwingine usiuguse bila yeye kukubali kwa maandishi, hata kama ni picha ya kovu tu, hata kama ni rafiki yako. Na mlangoni weka tangazo la kilichomo, halipunguzi makali ya kazi.

Kitu cha mwisho, pita kila asubuhi kuikagua. Siku ya tatu ya onyesho nilikuta sabuni yangu imeoshwa vizuri, unywele hamna, mtu wa usafi kaona aibu kwa niaba yangu. Nikang'oa mwingine palepale, toka siku hiyo natembea na nywele za akiba kwenye bahasha.