Jinsi ya Kununua Mashine ya Milingi Iliyotumika na Kuifanyia Marekebisho

Mashine ya milingi, yaani ile inayochonga chuma kwa kisu kinachozunguka, ikiwa imefanya kazi kiwandani kwa miongo kadhaa huuzwa kwa sehemu tu ya bei ya mpya, na mara nyingi huwa imara kuliko mpya ya bei rahisi, kwa sababu wingi wa chuma cha kusubu uliotumika kuijenga ndio unaozuia mtetemo kisu kinapokata. Hata hivyo, mnunuzi anapaswa kujua kabla ya kutoa fedha ni kasoro zipi zinazorekebishika kwa gharama ndogo na ni zipi zitakazomfilisi. Mota iliyoungua, nyaya zilizochakaa, swichi zilizopotea, beringi zinazopiga kelele, na hata skrubu za kuendeshea meza, vyote hivyo hufunguliwa na kubadilishwa. Njia ambazo meza huteleza juu yake hazibadilishwi, kwa kuwa ni sehemu ya mwili wa mashine yenyewe. Zikilika, hazina budi kusagwa upya kwenye mashine kubwa zaidi na kisha kukwanguliwa kwa mkono na fundi anayeijua kazi hiyo, na gharama yake inaweza kuzidi bei ya mashine nzima. Kwa hiyo ukaguzi huanzia kwenye njia, na umeme husubiri zamu yake.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Nenda na daili geji (kipimo cha sindano kinachoonyesha misogeo midogo sana) yenye kishikio cha sumaku, tochi, mita ya umeme na kitambaa safi. Futa njia za meza na uzimulike kwa pembeni. Mashine nyingi bora hutoka kiwandani zikiwa na alama ndogo ndogo za kukwanguliwa, ambazo hushika mafuta. Alama hizo zikionekana kwenye miisho tu huku katikati pakiwa laini na pameng'aa, ujue kwamba meza imefanya kazi mahali pamoja kwa muda mrefu. Jicho peke yake halitoshi, kwa kuwa wapo wauzaji wanaochora alama mpya za mapambo juu ya njia zilizolika, kama ambavyo wapo wanaopaka rangi mpya juu ya uchafu wa zamani. Binafsi huitilia shaka zaidi mashine inayong'aa kuliko ile iliyojaa grisi na vumbi.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni hiki. Legeza kufuli zote, weka meza katikati ya mwendo wake, kisha kaza kabari ya kurekebishia mpaka mkono uhisi uzito kidogo. Halafu peleka meza hadi mwisho wa kila upande. Ikiwa inakuwa nzito au inakwama miishoni, sababu yake ni kwamba katikati pamelika na kabari imekazwa kufidia pengo ambalo miishoni halipo. Ugumu mdogo ni wa kawaida kwa mashine yenye umri, lakini meza inayokataa kabisa kufika mwisho ni ya kuachwa, hata muuzaji akipunguza bei mara mbili.

Baada ya njia, pima ulegevu wa skrubu. Gusisha geji kwenye meza, zungusha mkono wa kuendeshea kuelekea upande mmoja, kisha urudishe taratibu na usome ni kiasi gani mkono unazunguka kabla ya sindano ya geji kuanza kusogea. Kwa skrubu za kawaida zenye meno ya trapeza, ulegevu wa milimita 0.1 hadi 0.2 unavumilika kwa kazi ya mkono. Ukizidi hapo, tazama kama nati inaweza kukazwa, maana mashine nyingi zina nati iliyopasuliwa kwa ajili hiyo. Rudia kipimo hicho katikati na miishoni: ulegevu ukiwa mkubwa katikati tu, kilicholika ni skrubu, na kukaza nati hakutasaidia. Jambo hili lina uzito kwa usalama pia. Kisu kinapokata kwa kuifuata kazi badala ya kukabiliana nayo, huivuta meza ghafla kwa kiasi cha ulegevu uliopo, na hapo kisu huvunjika au kazi huruka kutoka kwenye jiliwa.

Spindo, yaani shafti inayoshika na kuzungusha kisu, hupimwa kwa kusafisha tundu lake la mteremko (linalopungua upana kuelekea ndani), kugusisha geji ndani yake, na kuizungusha kwa mkono. Mkengeuko wa milimita 0.01 au chini ya hapo ni mzuri. Kisha iendeshe kwa mwendo wa kati na baadaye wa juu kwa dakika 20 hadi 30. Kupata joto ni kawaida. Joto linalofanya mkono ushindwe kutulia juu ya nyumba ya spindo, au mngurumo unaobadilika kadiri mwendo unavyoongezeka, ni dalili ya beringi zilizochoka. Jaribu miendo yote, lakini kwa utaratibu wake: vichwa vya gia hubadilishiwa mwendo vikiwa vimesimama, ilhali vile vyenye puli zinazopanuka na kubana hubadilishwa vikiwa vinazunguka, na anayekiuka kanuni hiyo huharibu mashine kabla hajainunua.

Uliza pia aina ya tundu la spindo. R8, ambayo ilienea kupitia mashine za kampuni ya Bridgeport, na mteremko wa 7/24 wa ukubwa wa 30, 40 au 50, zina vishikio vya visu vinavyopatikana kwa urahisi. Aina za zamani zisizo za kawaida zitakusumbua kila utakapotaka koleti, yaani kibanio kinachokishika kisu ndani ya tundu. Jiliwa, koleti na vishikio vinavyouzwa pamoja na mashine vihesabiwe kama sehemu ya thamani yake, kwa sababu kuvinunua kimoja kimoja baadaye ni gharama isiyo ndogo.

Kuihamisha

Mashine ya ukubwa wa Bridgeport ina uzito unaokaribia tani moja, na za kiwanda kikubwa hufika tani kadhaa. Hatari yake kubwa ni kwamba uzito umekaa juu. Kabla ya kuigusa, teremsha goti (sehemu inayoibeba meza na kupanda na kushuka nayo) hadi chini, rudisha mkono wa juu ndani, na, kwa aina zinazoruhusu, geuza kichwa kining'inie chini. Inua kwa sehemu iliyowekwa na kiwanda, kamwe si kwa meza wala mikono ya kuzungushia, na asisimame mtu upande ambao mashine inaweza kuangukia.

Usafi na mafuta

Fungua vifuniko na utoe chuma kilichosagika kwa brashi na kitambaa. Usitumie upepo wa kompresa karibu na njia, kwani husukuma chembe ndani mahali ambapo hazitatoka tena. Pedi za breki za mashine za zamani zinaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo vumbi lake lilowanishwe na lifutwe, lisipulizwe. Mirija midogo inayopeleka mafuta kwenye njia na nati huziba mara kwa mara, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya njia kulika. Ifungue mmoja mmoja mpaka uone mafuta yakitoka kila mahali. Mafuta ya njia ya daraja la ISO VG 68 yanafaa kwa mashine nyingi za ukubwa huu.

Umeme

Mashine nyingi za viwandani zina mota ya fezi tatu, wakati karakana ndogo ina fezi moja. Suluhisho la kawaida ni inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa fezi moja kuwa wa fezi tatu, lakini kabla ya kuinunua soma kibao cha mota. Mota iliyoandikwa 230/400 V inaweza kuunganishwa kwa pembetatu (delta) na kuendeshwa na inveta inayopokea volti 230 za fezi moja. Iliyoandikwa 400/690 V haifai kwa inveta hiyo, kwa sababu hata katika pembetatu inadai volti 400. Mota ya zamani ipimwe kwanza kama nyaya zake bado zimekingwa vizuri zisivujishe umeme, kwa mega (kipimo kinachotumia volti kubwa), ikiwa imetenganishwa na inveta, la sivyo kipimo chenyewe kitaiunguza inveta.

Inveta iunganishwe moja kwa moja na mota. Swichi ya zamani ya kuwashia isibaki katikati yao, maana kukata mkondo hapo wakati mota inazunguka kunaweza kuharibu inveta. Swichi hiyo ihamishiwe kwenye nyaya ndogo za kutoa amri. Usiendeshe mota kwa mwendo wa chini sana kwa muda mrefu, kwa kuwa feni yake imefungwa kwenye shafti hiyo hiyo na haitoi upepo wa kutosha. Waya wa ardhi ufike kwenye mwili wa mashine, na baada ya kuzima subiri muda ulioandikwa kwenye inveta kabla ya kufungua kifuniko.

Vipimo vya kidijitali, au CNC?

Kwa wengi, marekebisho yenye faida kubwa kuliko yote ni kufunga skeli za kidijitali. Skeli husoma mahali meza ilipo hasa, kwa hiyo ulegevu wa skrubu huacha kuathiri usomaji, ingawa meza bado inaweza kuvutwa na kisu.

Kugeuza mashine ya mkono kuwa CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ni safari nyingine. Skrubu za trapeza hupoteza nguvu nyingi kwa msuguano na zina ulegevu, hivyo hubadilishwa kwa skrubu za mipira (zenye vipira vya chuma vinavyoviringika ndani ya nati), ambazo ufanisi wake hukaribia asilimia 90. Wepesi huo una bei yake: skrubu ya mipira haijizuii, na goti au kichwa kizito kitashuka chenyewe umeme ukikatika, isipokuwa mota iwe na breki. Ukihesabu skrubu, mota, viendeshi na kazi ya kutengeneza vishikio, utaona kwamba ni afadhali kununua CNC ya zamani ambayo kompyuta yake imekufa. Mashine hiyo tayari ina skrubu za mipira na mota za sevo (zinazojipima na kujirekebisha mahali zilipo), na mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu bodi zake hazipatikani tena. Viendeshi vingi vya enzi hiyo hupokea amri ya volti kati ya -10 na +10, na programu huria kama LinuxCNC inaweza kuvitawala kupitia kadi inayofaa. Kitufe cha dharura kikate nguvu ya viendeshi chenyewe, kisitegemee programu.

Mwisho, weka mashine sawa kwa pima maji ya usahihi, kisha funga geji kwenye spindo na uizungushe juu ya meza katika duara la milimita 200. Rekebisha kichwa hadi tofauti isizidi milimita 0.02, kaza bolti kidogo kidogo kwa kupokezana, na upime tena, kwa kuwa kukaza kwenyewe hukisogeza kichwa.