Somo: Mradi wa usanifu wa kidijitali kwa kikundi cha wanafunzi, kuanzia mteja hadi kukabidhi

Haipiti wiki bila mtu kuniuliza, "Tuko wanne, tumepewa mradi wa usanifu, tuanzie wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, nimeweka yote hapa. Mfano wangu ni mama wa Majengo, Mombasa, anayeuza mahamri na mbaazi. Anapokea oda kwa WhatsApp, naye anataka menyu ya simu, picha za stetasi na bango la karatasi.

1. Tafuteni mteja wa kweli. Wa kubuni hatawaambia "hapana" hata siku moja.

2. Mwendeeni, mkae, mumsikilize. Wanunuzi wake huuliza nini kila asubuhi? Oda hupotea wapi? Mkitaka kupiga watu picha, ombeni ruhusa kwanza na mseme picha itatumika wapi; Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kisha andikeni ukurasa mmoja: tatizo, walengwa, mtakachokabidhi, tarehe. Mama ausome na aukubali.

3. Kila mmoja achore wazo lake kwa kalamu, peke yake. Wekeni michoro yote mezani, mchague.

4. Kubalianeni kanuni kabla ya kugawana kazi. Hapa ndipo vikundi vinapovunjikia, kwa hivyo someni polepole. Kawaida wanafunzi hugawana kurasa: wewe menyu, yule bango, mimi stetasi, tutaunganisha Alhamisi usiku. Alhamisi ikifika kuna kijani za aina tatu, vitufe havilingani, bei huku ni "KSh 10" na kule "10/-". Mama akitazama haoni biashara yake, anaona watu watatu wasiojuana. Kuunganisha saa hiyo ni kuanza upya, na anayeanza upya huwa ni mmoja. Wengine wanapata alama bila kujifunza kitu. Basi kaeni pamoja muamue: rangi kwa nambari zake, fonti zisizozidi mbili, saizi tatu za maandishi, nafasi kati ya vitu kwa mafungu ya 8 (pikseli 8, 16, 24), na namna moja ya kuandika bei. Zihifadhini ndani ya faili kama mitindo. Kitufe kitengenezwe mara moja kama komponenti, yaani chanzo kimoja kinachonakiliwa kila mahali, ili mkibadilisha chanzo, nakala zote zifuate.

Tahadhari:
- Usiikate nakala kutoka kwa chanzo chake eti urekebishe kitu kidogo. Chanzo kikibadilika, hiyo itabaki nyuma na hakuna atakayeiona mpaka siku ya kukabidhi.
- Usitumie fonti iliyo kwenye kompyuta yako tu. Mwenzako akifungua faili, programu itaweka nyingine na mistari itavurugika. Google Fonts ni za bure, chukueni huko.
- Maandishi meupe juu ya njano kali hayasomeki. Uwiano wa mwangaza wa rangi hizo mbili ni takriban 1.07 kwa 1, ilhali kiwango cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kurasa za mtandao zinazotumika na watu wote, ni 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa makubwa. Na mnunuzi wa mahamri anasoma simu juani.

Kisha gawaneni majukumu, si kurasa: wa kuongea na mteja, mlinzi wa kanuni, msanifu, mjaribu. Badilishaneni kila wiki.

5. Faili moja, ya pamoja, mtandaoni. Programu za usanifu kama Figma au Penpot zinatosha.

6. Kosoaneni kwa kurejea ule ukurasa wa hatua ya 2. "Sipendi" si ukosoaji. "Bei haionekani mpaka ushuke chini" ni ukosoaji.

7. Wapeni watu simu, waagize mahamri sita, nanyi mnyamaze. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia tovuti na programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 hufichua sehemu kubwa ya kasoro. Chagueni watu wazima pia, si wanafunzi wenzenu tu.

8. Kabidhini faili na kanuni zake, mumwonyeshe mama jinsi ya kubadilisha bei mwenyewe.

MASWALI

kijana_wa_likoni: Kaka naomba templeti ya menyu nibadilishe jina tu, tunakabidhi kesho.
— Hatua ya 2.

kisauni_dizaini: Hizo kanuni zinaua ubunifu.
— Hatua ya 3 imetangulia ya 4 kwa sababu hiyo hiyo. Mmebuni mkiwa huru, kisha mkakubaliana. Ungesoma zote mbili usingeuliza.

binti_mtongwe: Shikamoo mwalimu. Mwenzetu mmoja hafanyi kazi. Tumshtaki kwa mhadhiri?
— Marahaba binti yangu. Kwanza kaa naye. Mara nyingi anayenyamaza hajui programu na anaona haya kusema. Mpe kiti, yeye aendeshe, wewe umwelekeze. Kila mmoja awe na daftari la alichofanya na sababu yake. Historia ya faili nayo huonyesha nani kabadilisha nini. Akikataa baada ya hapo, mwendeeni mhadhiri mkiwa na daftari.

tudor_mchoraji: Sisi tuna laptopu moja ya kuazima. Tutaweza?
— Mtaweza, tena vizuri. Mmoja aendeshe, wengine waseme, kiti kibadilishwe kila nusu saa. Wenye simu waandike maneno ya menyu, wapige picha za chakula asubuhi kwenye kivuli chenye mwanga, wakusanye maoni. Maneno yakiwa tayari kabla ya usanifu, mmeokoa kazi nyingi.

tudor_mchoraji: Ahsante sana. Na bango letu lilitoka limefifia dukani, kwenye skrini lilikuwa linang'aa.
— Skrini ni RGB (mwanga mwekundu, kijani na buluu), wino ni CMYK (samawati, majenta, njano na nyeusi), na baadhi ya rangi kali hazifikiwi na wino. Malizieni bango kwenye programu ya Scribus, ni ya bure na inaielewa CMYK. Picha ziwe dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), acheni milimita 3 za ziada kila upande za kukatwa, na mchapishe A4 moja ya majaribio kwanza.

mama_wa_oda: Nyongeza: picha ya menyu mkiituma WhatsApp kama picha inabanwa na herufi zinakuwa ukungu. Itumeni kama hati.
— Kweli dada, nashukuru.

binti_mtongwe: Mwalimu, mpangilio wa maandishi na picha nijifunzie wapi bila kulipa?
— Nenda Mtaa wa Biashara, uombe kutazama kanga. Angalia pindo linavyozunguka, mji ulivyoshika katikati, na jina lilivyopewa ukanda wake wenyewe ili lisipigane na maua. Chora tatu kwenye daftari, uandike jicho lako lilianzia wapi. Ukizileta hapa nitazitazama moja moja.